Ua la Kutazamwa kwa Mbali

Balaa langu lilianzia kwenye darubini. Niliinunua mnadani kwa bei ya kutupa, kioo kimoja kina ufa, mkanda wake umeungwa kwa kamba ya kiatu. Lakini mtu akishaning'iniza darubini shingoni habaki alivyokuwa. Anaanza kunyata hata akienda dukani. Anasimama katikati ya njia na kuinua kidole ili wenzake wanyamaze. Akiona kunguru hasemi "kunguru", anasema "mmh", kisha anaandika. Maana nilinunua na daftari pia.

Mke wangu alinivumilia mwezi mzima. Kisha, mwezi wa 9 mwaka juzi, rafiki yangu mmoja tuliyesoma pamoja akatuachia nyumba yake ya mapumziko kule Ushongo, ng'ambo ya Mto Pangani, tukakae siku 10. Nyumba ya makuti, vyumba viwili, sebule, na baraza linalotazama bahari. Umeme wa sola. Mwenyewe alipotukabidhi funguo hakusifia bahari wala mchanga, alisifia pangaboi la sebuleni. "Jipya hilo," akaniambia. "Ukiliweka namba 5 hata mbu anaomba radhi."

Sasa, mke wangu ni mtoto wa Pangani. Kwao ni mjini, upande wa pili wa mto. Ukiwa Ushongo wakwe wako pua na mdomo: barabara ya vumbi katikati ya minazi na mikonge, halafu pantoni ya Bweni, umefika. Mimi ni mtoto wa Kariakoo. Bustani niliyokulia ilikuwa mwarobaini mmoja uliofungiwa baiskeli za watu. Na haiwezekani mkwe ukae ng'ambo ya mto siku 10 bila kuwaalika wazee. Nikawaalika chakula cha mchana, Jumapili.

Hapo ningeishia kwenye wali na samaki, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nilikuwa na darubini. Nikaamua kwamba wakwe zangu wakija nitawaonyesha uzuri wa mazingira. Yaani watu waliozaliwa Pangani, waonyeshwe Pangani na mtu wa Kariakoo.

Haki ya Mungu lakini, palikuwa pazuri. Demani ni wakati mtamu kuliko yote huku pwani, na nitalisema hilo hata baada ya yaliyonikuta. Kusi limeshachoka, bahari imelala, vuli bado. Mikorosho imetoa maua na harufu yake inakufuata mpaka barazani jioni. Embe ni changa bado, za kuliwa na chumvi na pilipili. Mibuyu iliyosimama uchi kiangazi kizima inaanza kuchomoza vijani juu kabisa, kama mzee aliyeota nywele upya. Usiku komba wanalia kwenye minazi, sauti ya mtoto mchanga kabisa. Usiku wa kwanza nilitoka na tochi kumtafuta huyo mtoto. Mke wangu hakuamka. "Komba hao," akasema ndani ya shuka, "rudi ulale."

Ulikuwa pia ni wakati wa nyangumi. Wanapanda kutoka bahari za kusini, kwenye barafu, wanakuja kuzaa kwenye maji ya joto, na kati ya mwezi wa 7 na wa 10 mwenye bahati huwaona wakipita. Mimi nilimwona siku ya pili, asubuhi. Mgongo mweusi, maji yanaruka juu, yanatulia, yanaruka tena. Nikapiga ukelele pwani nzima, nyangumi, nyangumi! Watu wakaja mbio. Mzee mmoja akaiomba darubini, akatazama kwa adabu, akanirudishia. Ilikuwa ngalawa. Maji yaliyoruka ni mvuvi aliyekuwa anafua maji kwa kopo.

Nyumba ile ilikuwa na mlinzi, mzee wa pale pale, mpole, kofia yake ya kufuma imefifia mpaka huwezi kujua ilikuwa rangi gani. Nilimchukua kama mwanafunzi wangu. Nilimwonyesha kitwitwi, yule ndege mdogo wa kijivu mwenye miguu kama njiti za kiberiti. Wimbi likija anakimbia, likirudi analifuata mbio na kudonoa mchanga, likija anakimbia tena, mchana kutwa, kama mtu anayedai deni na kumwogopa mdaiwa. Nikamwambia mzee, huyu hakai hapa mwaka mzima, anatoka kaskazini ya mbali, wengine mpaka Siberia, anakimbia baridi.

Mzee akamtazama kitwitwi kwa huruma. "Na huko hawana pwani?"

"Ipo, ila baridi ikiingia bahari inaganda barafu."

"Basi afadhali kaja," akasema, akaendelea kufagia.

Nikamweleza na habari za Maziwe, kile kisiwa kilichokuwa na mivinje na sasa ni fungu la mchanga tupu, bahari ikijaa linazama lote. Nikamweleza kwamba kasa bado wanapanda kutaga kule kule, na mayai yasipohamishwa yanakufa maji, ndiyo maana yanaletwa kufukiwa Ushongo, na huchukua kama miezi miwili kuanguliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Baadaye mke wangu akanidokeza kwamba mzee aliwahi kuyabeba mayai hayo kwa mikono yake.

Jumamosi asubuhi, baada ya kimvua chepesi cha alfajiri, nikapita nyuma ya nyumba kutafuta kitu cha kupamba meza ya wageni. Maua ya dukani hayapo Ushongo, na mimi nilitaka kitu cha porini. Nikafika kwenye shamba lililotelekezwa, ua wake wa minyaa umezidiwa na mtambaazi fulani. Na pale ndipo nilipoyaona.

Yalikuwa maganda. Yananing'inia vishada vishada, kila ganda refu kama kidole, limejipinda kama herufi S. Na yamevaa manyoya! Manyoya mafupi, mazito, yamelala upande mmoja kama mgongo wa paka aliyetoka kulambwa na mamaye, rangi ya dhahabu iliyoiva. Jua lilipoyapiga, na yale matone ya mvua juu yake, nilisema peke yangu kwa sauti: "Subhanallah." Nimekaa na watu wanaonunua maua ya plastiki kumbe huku dhahabu inaning'inia kwenye ua wa mtu.

Mlinzi alikuwa anapita na kuni kichwani. Nikamwita. "Mzee, hili ua gani?"

Akasimama mbali kidogo. Mbali kuliko ilivyo kawaida ya watu kuzungumza, hilo nililikumbuka baadaye.

"Ua hilo, bwana," akasema, "ni zuri. Sisi huku tunalitazama."

"Mnalitazama tu?"

"Tunalitazama kwa mbali. Hata mbuzi analiheshimu."

Nikatoa daftari. Niliandika hivi, na daftari ninalo mpaka leo: *Wenyeji wana heshima kubwa kwa mimea yao, hata mifugo.* Nilipoinua macho mzee bado amesimama, kuni kichwani, ananitazama kama anayesubiri kitu.

"Unalichukua?" akauliza.

"Nalichukua la kupambia. Kesho wakwe zangu wanakuja."

"Wakwe," akasema mzee. Akafikiri. "Haya. Mungu awafikishe salama, na awarudishe salama."

Nikaona mzee mcha Mungu kweli.

Msinidhanie kwamba nilikwenda kichwakichwa. Mimi ni mtu wa tahadhari. Nilikuwa nimesoma kwamba utomvu wa mnyaa ukikuingia machoni unaweza kukuharibu, kwa hiyo nilirudi ndani nikavaa miwani ya jua, glavu za bustani, na shati la mikono mirefu nililolifunga vifungo mpaka kooni. Nikakata vishada vyangu kwa panga, kwa uangalifu mkubwa, nisiguse hata jani la mnyaa. Nilijikinga na mti wa kulia kwa akili zangu zote, na wa kushoto nikaukumbatia. Maganda yenyewe yalikuwa yamelowa, manyoya yameshikana, hayakunifanya kitu. Nikayatia kwenye kiroba, nikayahesabu: 23. Nikayaweka stoo.

Usiku shingo iliniwasha kidogo. Nikalaumu usubi.

Jumapili mke wangu aliondoka mapema kwenda kuwachukua wazee ng'ambo. Nikabaki na mama mmoja wa jirani aliyekuja kutusaidia kupika. Nikapata mtungi mzuri wa udongo, nikaupamba maganda yangu, pembeni nikachomeka nyuzi za mkonge zilizochanuliwa, nikauweka juu ya meza ya sebuleni, katikati kabisa, chini ya pangaboi. Jua la dirishani likaupiga asubuhi yote. Kila nikipita naona maganda yanazidi kupendeza: yamekauka, manyoya yamesimama wima, yanameta.

Wageni walifika saa 6 na nusu. Baba mkwe, mama mkwe, mjomba wa mke wangu aliyevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi hadi inakata, na shemeji yangu mdogo wa miaka 19 na simu yake. Shikamoo, marahaba, habari za safari, njema, pantoni je, haikusumbua. Mke wangu akapitia mlango wa nyuma moja kwa moja jikoni na kapu la pweza. Laiti angepitia mlango wa mbele.

Baba mkwe macho yake siku hizi ni ya kubahatisha. Mjomba alikuwa anatafuta mahali pa kukaa bila kukunja kanzu. Shemeji alikuwa kwenye simu. Mama mkwe peke yake ndiye aliyesimama mlangoni. Akautazama mtungi. Akanitazama mimi. Akautazama tena mtungi.

"Baba," akaniambia, "pambo hili umelipamba mwenyewe?"

"Naam, mama. Kwa mikono yangu."

"Kwa mikono yako."

"Naam, mama."

"Mashallah," akasema. Akajifunga ushungi wake vizuri, yakabaki macho tu, akaenda kukaa kiti cha mwisho kabisa, mlangoni, nusu ndani nusu nje.

Kisha akasema, "Barazani nako kunapendeza. Hatungekaa barazani?"

"Barazani kuna inzi, mama."

Akanyamaza kidogo. "Kule kwetu vitu vizuri kama hivyo tunaviweka nje, na wengine wapitao wafaidi."

"Hapana mama, leo ni vya kwenu."

Nikainuka kwenda ukutani. Nikaweka mkono kwenye swichi.

"Pangaboi la nini, mwanangu?" akasema mama mkwe, na safari hii sauti ilipanda kidogo. "Upepo wa bahari unatosha. Unatosha kabisa."

Mara tatu. Nimezihesabu baadaye. Lakini mkwe gani mwenye akili timamu anamwacha mama mkwe na joto? Nikalifungulia lile pangaboi, na sikulifungulia namba 2. Nikazungusha mpaka 5.

Lilianza polepole, likashika kasi. Na hapo kikatokea kitu cha ajabu sana, kizuri sana. Kwenye mwale wa jua uliopita dirishani tukaona vumbi jembamba la dhahabu linapanda, linazunguka, linashuka juu yetu taratibu kama baraka.

"Tazameni!" nikawaambia. "Chavua hiyo!"

Nikakaa. Na kwa kuwa mazungumzo yalikuwa yamepoa, nikaona nifungue somo. Nikaanza na zile nyuzi za mkonge. Nikamweleza baba mkwe kwamba mkonge si mmea wa huku, uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani anayeitwa Richard Hindorf, kutoka Florida, Marekani. Kwamba miche mingi ilikufa njiani, ikapona 62 tu. Kwamba ilipandwa Kikogwe, hapa hapa Pangani. Na kwamba mkonge hutoa mlingoti mara moja tu katika maisha yake kisha unakufa. Baba mkwe alinisikiliza kwa makini. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge maisha yake yote.

"Sitini na mbili," akasema, akajipapasa shingo. "Haya."

Kwangu ilianza kwenye kifundo cha mkono. Kama sisimizi anayetembea. Nikatazama, hakuna sisimizi. Nikasugua kidogo, chini ya meza, kiungwana. Sisimizi akawa wawili, akahamia kiwikoni. Nikasugua kiwiko, akaruka shingoni, na shingoni hakuwa sisimizi tena, alikuwa fundi cherehani, anashona kwa sindano ya moto, mshono mrefu kutoka sikio mpaka bega.

Sasa lazima mjue heshima ya ukweni. Mbele ya mkwe hata chafya unaiombea ruhusa. Kujikuna hadharani, tena kwapani, mbele ya mama mkwe, ni jambo ambalo watu wangelisimulia kwenye msiba wangu. Kwa hiyo nikakaa wima, mikono juu ya magoti, natabasamu, machozi yananilenga. Na nikaona kwamba baba mkwe naye amekaa wima, anatabasamu. Na mjomba. Sote watatu tunatabasamu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

"Na mlingoti huo," nikaendelea, sauti inatetemeka, "huwa mrefu..."

"Mrefu," akaitikia mjomba haraka haraka. Goti lake lilikuwa linacheza.

"Mita tano, sita..."

"Hata zaidi," akasema baba mkwe, akakohoa, na katika kule kukohoa akautumia mkono wote kujikuna kifua. Nilimwonea wivu. Nikakohoa na mimi. Mjomba akakohoa. Sebule nzima ikashikwa na kifua kikuu.

Aliyeshindwa ni mjomba. Alisimama taratibu, kwa hadhi yake yote, akasema, "Jamani, mtaniwia radhi," akaenda kwenye nguzo ya mlango, akageuka, akaanza kujisugua mgongo kama ng'ombe kwenye mwembe, macho ameyafumba.

Basi bwawa likapasuka. Baba mkwe alitia mikono yote miwili ndani ya shati. Mimi nilikuwa naitumia rimoti ya televisheni. Shemeji akaitupa simu, na siku hiyo nikajua hali ni mbaya, akaruka juu ya kiti anapiga kelele: "Upupu! Wallahi upupu!"

Neno lile nalijua tangu utoto. Nani asiyelijua? Shuleni kwetu mwalimu mmoja aliwekewa kwenye kiti. Kila timu ikifungwa ugenini husemekana chumba cha kubadilishia nguo kilimwagiwa upupu. Lakini mimi siku zote niliujua upupu kama unga ndani ya kikaratasi, kitu anachokuwa nacho mtoto mtundu mfukoni. Sikuwahi kujiuliza unatoka wapi. Sikujua kwamba una shina, una maua, una maganda ya dhahabu, na kwamba unaweza kuutia kwenye mtungi.

Mke wangu akatokea mlangoni na sinia la glasi za juisi ya ukwaju. Akautazama mtungi. Akalitazama pangaboi. Hakuuliza kimefanyika nini, aliuliza neno moja tu:

"Nani?"

Shemeji alikuwa anajikuna kwa mikono yote miwili, lakini aliutoa mmoja akaninyooshea kidole.

"Zima hilo pangaboi," akasema mama mkwe. Ilikuwa sentensi ya kwanza iliyonyooka niliyoisikia tangu nifike Pangani.

Nikazima. Baba mkwe alishatoka mbio kuelekea baharini. "Maji hapana!" mama mkwe akapiga kelele. "Baba watoto, maji hapana!" Lakini mtu anayewashwa hana masikio. Aliingia baharini na shati na viatu, akazama mpaka kidevuni, akakaa pale kama dakika moja, kisha tukamwona anatoka kwa kasi kubwa kuliko aliyoingilia. Nguo zenyewe ndizo zilizojaa vinyoya, na sasa zilikuwa zimemgandia mwilini kama ngozi ya pili.

Tuliamriwa kuvua. Wanaume wote nyuma ya nyumba, nguo zote chini, kisha mke wangu akaturushia khanga zake kutoka dirishani bila kutazama. Mtu hachagui khanga akiwa katika hali ile. Mjomba alipata ya SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Baba mkwe, MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Mimi nilipojigeuza nione yangu imeandikwa nini, nikasoma upande wa paja: NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU. Mke wangu anaapa mpaka leo kwamba hakuchagua.

Na wakati huo akatokea mlinzi, na ndoo. Ndoo imejaa majivu. Hatukuwa tumemwita. Nikayachota yale majivu kujipaka, nikaona ni laini kabisa, hayana mkaa wala kijiti. Yamechekechwa. Majivu ya ndoo nzima huchekechi kwa dakika tano.

"Mzee," nikamwambia, majivu mpaka kwenye kope, "kwa nini hukuniambia?"

Akashangaa kweli. "Nilikwambia, bwana," akasema. "Ulikuwa unaandika."

Majivu yalisaidia nusu. Nusu nyingine aliimaliza mama mkwe, ambaye yeye mwenyewe, ndani ya ushungi wake na kile kiti chake cha mlangoni, hakupata hata unyoya mmoja. Aliingia jikoni akatoka na donge la unga wa chapati, kilo 2, lililokwishakandwa na kutiwa siagi. Akalikata vipande, akamwinamisha mumewe, akaanza kuliviringisha mgongoni kwake, kulia kushoto, juu chini, kama anayefuta kioo. Unga unanata, unavitoa vinyoya. Ukilitazama donge kwa karibu unaviona: vijisindano vya dhahabu, vyembamba kuliko nywele, mamia. Donge langu nilipewa nijiviringishie mwenyewe.

Chapati hazikuliwa siku ile. Tulikula wali na pweza barazani, pamoja na inzi, wanaume watatu na kijana mmoja ndani ya khanga, wamepakwa majivu nyuso nzima. Wakapita watalii wawili ufukweni, mume na mke. Wakasimama. Yule mume akauliza kwa heshima kama hii ni sherehe ya kimila, na kama wanaruhusiwa kupiga picha. Kabla sijafungua mdomo shemeji akawajibu kwamba ndiyo, hufanyika mara moja kwa mwaka, bwana harusi mpya anapopokewa. Wakatupiga picha. Wakatupongeza.

Usiku, mwili umepoa, nikafungua simu kusoma. Nikagundua kwamba kinachowasha ni protini iliyomo ndani ya vile vinyoya, inaitwa mukunaini. Kwamba zipo jamii za upupu zisizowasha ambazo wakulima wanazipanda kurutubisha ardhi na kulishia mifugo. Na kwamba mbegu zake zina levodopa, ile ile wanayotibiwa wenye maradhi ya Parkinson. Mambo ya kusisimua. Nikamgeukia mke wangu. "Unajua," nikamwambia, "kumbe ule mmea una faida nyingi..."

Nililala barazani. Komba walilia mpaka alfajiri, na mmoja, nadhani, alikuwa anacheka.

Rafiki yangu mwenye nyumba tulimfagilia siku tatu, tukafua mapazia, tukapangusa pangaboi panga moja moja kwa donge la unga. Mtungi niliuzika pamoja na vilivyomo. Mwezi uliofuata akanipigia simu: wageni wake wapya wamelalamika kwamba kochi la sebuleni lina kunguni wa ajabu, wanauma lakini hawaonekani. Nikamwambia pole sana, jaribu kulianika.

Idi iliyofuata tulikwenda kuwasalimia wazee Pangani. Nilivaa kanzu mpya, nimebeba boksi la halua lililofungwa vizuri kwa karatasi ya kumeta. Joto la siku ile lilikuwa la masika inayokaribia, hewa imesimama, sebule imejaa ndugu, watoto wamelala sakafuni miguu juu, na pangaboi lao la zamani linazunguka kwa nguvu zake zote. Nikasimama kizingitini. "Hodi wenyewe!"

"Karibu, baba, karibu," akaitikia mama mkwe kwa furaha ya kweli. Akalitazama boksi. Kisha, bila kugeuza kichwa, bila kusema neno, akanyoosha mkono nyuma yake na kulizima pangaboi.